MGENI NJOO, MWENYEJI AKOPE



Wazee wetu walikuwa na msemo ambao kila nyumba ya pwani inaujua: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba akija mgeni, hata mwenye nyumba hupata nafuu. Jogoo huchinjwa, nazi hukunwa, mchele uliowekwa akiba hutolewa, na watoto wa jirani hula pamoja na watoto wa nyumbani. Siku hizi msemo huo tumeugeuza, umekuwa mgeni njoo, mwenyeji akope. Huja ndugu yetu kutoka Maskati, au London, au Toronto, na jambo la kwanza tunalofikiri si chakula gani kipikwe nyumbani, bali ni hoteli gani ya Dar es Salaam apelekwe akale steki, ili asije akarudi akasema kwamba jamaa zake wa Kibaha na Kisarawe ni washamba.

Nasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya, na hapana budi tuiache. Wala sitaanza na watu wengine. Nitaanza na nafsi yangu, kwani anayetaka kusema uchafu wa nyumba za watu afagie kwanza uwani kwake.

Mimi ni mkaazi wa Kibaha, Mailimoja. Mama yetu alikuwa akikaa Kisarawe, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mdogo wangu anafanya kazi Maskati, na kwa muda wa miaka tisa hakupata kuja nyumbani. Mwaka 2022 akaja, yeye na mkewe na watoto wao watatu, kwa siku chache tu. Walifika usiku, wakalala kwangu. Mpango ulikuwa kwamba kesho yake jioni twende sote Kisarawe tukale kwa mama.

Mimi nikaugeuza mpango huo. Nikamwambia mke wangu: "Jioni hatuli Kisarawe. Tunawapeleka wageni hoteli kubwa ya Masaki, wakale nyama ya kizungu." Akaniuliza: "Fedha iko wapi?" Nikamjibu kwamba hilo si lake. Kumbe nilikuwa nimekwisha kukopa shilingi laki nane kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, katika hawa ambao mikopo yao watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Alasiri nikaenda na gari ya kukodi kumchukua mama. Nikamkuta jikoni. Alikuwa amekwisha kupika wali wa nazi, na kisamvu alichokitwanga kwa mikono yake, na jogoo ambaye alimwita kijana wa jirani aje amchinje asubuhi. Alijua kwamba mwanawe alipenda kisamvu tangu utotoni. Nikamwambia: "Mama, leo tunakwenda hotelini." Akasema: "Nimekwisha kupika, mwanangu." Nikamwambia: "Funika, utakula kesho." Akafunika kwa kawa, akajitanda baibui lake, akafunga mlango, akanifuata. Hakusema neno jingine.

Tulikuwa watu tisa mezani. Meza iliyotuelekea walikaa watu wanaokunywa mvinyo, na chupa zikipita mbele ya macho ya watoto. Tukaletewa orodha ya vyakula, na bei zake ni za kumfanya mtu aisome orodha mara mbili. Ikaja nyama, kila mtu na pande lake. Picha zikapigwa kwanza, bismillahi ikaja baadaye. Mama alikuwa hana meno ya nyuma. Akakata kidogo, akaona ndani ni nyekundu, akaweka kisu chini. Kisha akauliza kwa sauti yake ya kawaida, kama ambavyo angeuliza katika nyumba yoyote: "Nyama hii kachinja nani?"

Ndugu msomaji, uso ulinishuka. Watu wa meza ya pili waligeuka. Nikamkanya kwa sauti ya chini: "Mama, nyamaza, hapa si Kisarawe." Kijana aliyekuwa akituhudumia alikuwa na adabu kuliko mimi. Akasema: "Ngoja bibi, nikaulize." Akaenda, akarudi, akasema kwamba nyama imeagizwa kutoka nje, na karatasi zake anazo meneja, na meneja ameshaondoka. Mama akasema: "Ahsante, mwanangu." Akasogeza sahani, akala viazi. Mdogo wangu naye akaweka uma wake chini. Watoto wake, ambao wamelelewa katika nchi ambayo swali hilo haliulizwi kwa sababu kila mtu anajua jibu lake, wakamtazama baba yao.

Mimi nilikula. Nilikula ili isisemwe kwamba fedha imepotea bure.

Ikaja hesabu: shilingi laki saba na elfu arobaini, pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 18. Mama alirudishwa Kisarawe usiku wa manane. Kulipokucha, wali umechacha na kisamvu kimeharibika. Akamwaga. Yule kijana aliyemchinja jogoo hakupata hata kipapatio. Siku ya pili yake wageni wakaenda Tanga kwa upande wa shemeji, na huko huko siku zao zikaisha. Miaka tisa mdogo wangu hakula chakula cha mama, akaja, akaondoka, na bado hakukila.

Hicho ndicho kisa chenyewe. Sasa natuyapime makosa yake moja baada ya moja, tusije tukaharamisha kilicho halali na tukahalalisha kilicho haramu.

Kwanza, nyama yenyewe haina kosa. Steki ni pande nene la nyama ya ng'ombe, mara nyingi ya sarara au ya mgongoni, lililokatwa kukingama nyuzi zake, likabanikwa juu ya moto mkali. Hoteli kubwa huining'iniza nyama katika chumba cha baridi kwa siku nyingi kabla ya kuikata, ipate kulainika. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba ni haramu kwa sababu ndani huwa nyekundu, ati ni damu. Si kweli. Ule wekundu ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mioglobini. Damu iliyoharamishwa katika Suratul An'am, aya ya 145, ni ile inayomwagika, nayo hutoka wakati wa kuchinja. Wanavyuoni wamekwisha kueleza kwamba kinachobaki ndani ya nyama baada ya kuchinjwa kisharia hakina ubaya. Basi anayependa nyama iliyoiva kidogo na anayependa iliyokauka wote wako katika halali, maadamu mnyama amechinjwa ipasavyo.

Tena, kumlisha mgeni nyama ya kuchoma si jambo geni katika dini. Nabii Ibrahim, rehema na amani zimshukie, alipofikiwa na wageni asiowajua, aliwaandalia ndama wa kuchoma. Kisa hiki kimo katika Sura Hud na katika Sura Adh-Dhariyat. Lakini itazame adabu yake. Aliondoka kimya kimya akaenda kwa watu wake wa nyumbani, hakuwauliza wageni wanataka nini, hakujitangaza. Akatoa kilicho chake, tena kilichonona, akakisogeza mbele yao kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliondoka nyumbani nikaenda kwa mkopeshaji, nikawasogeza wageni mbele ya nyama ya mtu mwingine, nisiyojua imetoka wapi. Hapo ndipo nilipotofautiana na Ibrahim.

Pili, lile swali la mama. Mama aliuliza kwa sababu amezoea kupata jibu. Sisi watu wa Kibaha na Kisarawe tunaijua njia ya ng'ombe kuliko wengi. Malori ya ng'ombe kutoka Dodoma, Singida na Shinyanga hutupita mlangoni katika barabara ya Morogoro. Ranchi ya Ruvu, ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, iko katika mkoa wetu wa Pwani. Mnada mkubwa wa Pugu uko katika njia ya kwendea Kisarawe, na kutoka hapo ng'ombe wengi hupelekwa machinjioni Vingunguti. Katika njia hiyo, kwa desturi iliyozoeleka tangu zamani, mchinjaji ni Mwislamu. Kwa hiyo muuza nyama wa buchani akiulizwa "kachinja nani?" hakasiriki, hujibu.

Lakini hoteli za anasa, nyingine huagiza nyama kutoka nje, juu ya kuwa nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Sababu yao ni kwamba ng'ombe wetu wengi hulishwa majani tu, hutembezwa masafa marefu, na huuzwa wakiwa wamekomaa, basi nyama yake huwa ngumu kwa mapishi hayo. Sisemi kwamba nyama ya nje ni haramu. Brazil, Australia na Afrika Kusini zina machinjio makubwa yanayochinja kwa sharia na kuziuzia nchi za Kiarabu. Nyama ya namna hiyo huwa na karatasi yake. Karatasi ikiwepo na ikaonekana, kula. Karatasi ikiwa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda zake, hapo una haki ya kula viazi, kama alivyofanya mama.

Wapo watakaonijibu kwamba chakula cha Ahlul Kitabu tumehalalishiwa. Ni kweli, imo katika Suratul Maida. Lakini ruhusa hiyo wanavyuoni wameizungumza kwa masharti, na anayetaka kuishika na aishike kwa elimu, baada ya kujua mchinjaji ni nani na kachinja vipi. Asiishike kwa sababu anaona haya kuuliza mbele ya mhudumu.

Wala kuuliza si ugomvi. Tunakumbuka yaliyotokea mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ambapo suala la nani achinje lilifika mpaka roho ya mtu ikapotea. Huko ni kupotea njia. Swali la halali huulizwa kwa upole, na mapema, na yule anayelipa. Piga simu kabla ya kwenda: nyama yenu ni ya wapi, mna ithibati ya halali, mnauza pombe? Ni maswali matatu, hayachukui hata dakika tano. Mimi sikuuliza hata moja, nikamwachia mama kizee auulize umma mzima, kisha nikamnyamazisha.

Tatu, lile deni. Nilikopa laki nane. Mpaka nilipomaliza nilikuwa nimelipa zaidi ya milioni moja na laki mbili, na cherehani ya mke wangu imeuzwa. Ile ziada inaitwa riba, hata kama mwenye kuitoa ataipa jina la ada au la faini. Watu wengi wamo katika shimo hili, mpaka mwaka 2024 Benki Kuu ililazimika kuzitangaza hadharani programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Sasa nakuuliza, msomaji: mtu anayeuogopa wekundu wa nyama, halafu akailipia nyama hiyo kwa kausha damu, ni damu gani anayoikimbia? Mezani tulikuwa tukitazamana kwa sababu ya maji mekundu katika sahani, na mfukoni mwangu mlikuwa na jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitangazia vita katika Suratul Baqara.

Nne, ile meza ya jirani. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kukaa katika meza inayopitishwa ulevi. Wengi tunajidanganya: "Sisi hatunywi." Ni kweli hatunywi, lakini tumewapeleka watoto wetu, kwa gharama kubwa, wakaone kwamba mahali pa watu wenye heshima ndipo panaponywewa. Watoto hawakumbuki maneno yetu kama wanavyokumbuka mahali tulipowapeleka tulipotaka kuwafurahisha.

Tano, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni kuuonea haya mlango wetu wenyewe. Nilimwambia mama: "Hapa si Kisarawe." Neno lile ndilo lililokuwa moyoni mwangu tangu mwanzo. Niliona haya kwa jiko la mama, kwa mkeka wake, kwa sahani zake za bati. Nikadhani ndugu yangu ametoka Maskati kuja kutafuta steki. Subhanallah! Maskati kuna steki kuliko Masaki. Alichokikosa kule ni kisamvu cha Kisarawe kilichotwangwa na mkono wa mama yake, na watoto wake walichokikosa ni kumwona bibi yao akipakua. Mimi nikawanyima kile wasichoweza kukinunua popote, nikawapa kile wanachoweza kukinunua siku yoyote.

Na tazama walioachwa. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba chakula kibaya kupita vyote ni cha karamu waitwayo matajiri wakaachwa masikini. Chakula cha nyumbani, hata kikiwa kidogo, kina mlango wazi. Jirani hupita, mtoto huitwa, sahani hupelekwa nyumba ya pili. Hotelini hapana jirani. Kwa laki saba na elfu arobaini tungenunua mbuzi watatu, tukachinja Kisarawe kwa kisu chetu na bismillahi yetu, mtaa mzima ukala, na mkopo usingekuwapo, kwani mbuzi mmoja angetutosha na fedha yake nilikuwa nayo.

Najua nitaulizwa: "Je, ni haramu kula hotelini? Mgeni mwenyewe akitaka kutukirimu, tukatae?" La, si haramu, wala usimkatalie ndugu yako furaha yake. Lakini na tuweke utaratibu katika nyumba zetu:

Kwanza, chakula cha mwanzo cha mgeni kiwe katika nyumba ya mkubwa wa ukoo, awe mama, bibi au shangazi, kama atakavyojaaliwa kupika. Hoteli, ikiwa ipo, ije baadaye.

Pili, mahali panapotaka kwendewa paulizwe mapema juu ya uchinjaji na pombe, na jibu likikosekana patafutwe pengine.

Tatu, kisikopwe kitu kwa ajili ya kumkirimu mgeni. Mgeni hana haki juu ya usichokuwa nacho.

Nne, mkubwa asipelekwe mahali atakapolazimishwa kunyamaza. Ikiwa mama yako hawezi kuuliza swali lake la halali mezani, basi meza hiyo si yenu.

Na nyinyi ndugu zetu mnaokuja kutoka ng'ambo, nanyi mnalo sehemu yenu. Semeni kabla hamjafika: "Sisi tunataka kula nyumbani." Neno hilo moja litamwokoa mwenyeji wenu na mkopeshaji, kwani yeye hatakwambieni kwamba hana. Mkiona mnapelekwa mahali pakubwa, ulizeni kwa upole fedha imetoka wapi. Na mkiwa na uwezo, nunueni mbuzi mnadani, mpelekeeni mama, mkae chini mle naye.

Mama yetu alifariki mwaka 2023. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake. Mdogo wangu hakuwahi mazishi. Alipokuja tena alikuja kuzuru kaburi, na jioni yake akamwomba mke wangu ampikie kisamvu. Akapikiwa, akala, akashukuru. Kisha akaniuliza kile kisamvu cha siku ile kilikuwaje. Nikakosa la kumjibu, kwa sababu hata mimi sikukionja. Nilimwambia mama akifunike.

Basi wewe msomaji, ikiwa mama yako yu hai, na mgeni yumo njiani, usimwambie afunike. Mwambie apakue. Kaa chini, sema bismillahi, na umwite na jirani.

Wabillahi tawfiq.